Je, Wajua? Bula Matari na Madaftari ya Sensa ya Uingereza

Je, wajua kwamba Henry Morton Stanley, yule aliyemkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871 na ambaye Kongo ilimbandika jina la Bula Matari, hakuzaliwa Marekani wala hakuzaliwa akiitwa Stanley? Kwa miaka mingi alijitambulisha kuwa Mmarekani. Rejista za Wales zinasema vingine. Alizaliwa mjini Denbigh, Januari 1841, akabatizwa John Rowlands, na rejista ya kanisa ikamwandika waziwazi kuwa mwana wa nje ya ndoa. Usiku wa sensa wa 30 Machi 1851 alikuwa mtoto wa miaka kumi, analelewa kwa fedha za umma katika nyumba ya maskini ya St Asaph.

Huo ndio uzito wa madaftari haya. Yamemhesabu malkia, yamemhesabu na mtoto asiye na wa kumdai.

Wajua sensa ya kwanza ya Uingereza ilifanyika lini? Ni 10 Machi 1801, na tangu hapo imerudiwa kila baada ya miaka kumi, isipokuwa 1941 kwa sababu ya vita. Nne za mwanzo zilitafuta idadi tu, kwa hiyo majina yaliyosalia ni ya vijiji vichache ambavyo wahesabuji wake waliamua wenyewe kuyaandika. Majina ya nchi nzima yalianza kuhifadhiwa 1841. Mwaka huo England na Wales zilikuwa na watu milioni 15.9. Ilipofika 1901 walikuwa milioni 32.5.

Kanuni ya kuhesabu anaijua kila aliyehesabiwa Tanzania usiku wa kuamkia 23 Agosti 2022: anaandikwa aliyelala hapa, hata kama si kwake. Mtu aliyekwenda kumuuguza dada yake ataonekana kwa dada. Askari ataonekana kambini, mgonjwa hospitalini. Wachimba migodi waliokuwa kazini usiku waliandikwa katika nyumba waliyorudi asubuhi. Na karani wa sensa alitakiwa asiwasahau waliolala ghalani, bandani au kwenye mahema. Kwa hiyo ukimkosa babu wa babu yako nyumbani kwake, usikate tamaa haraka. Uliza usiku ule angeweza kuwa wapi. Wafungwa na wagonjwa wa akili ni wagumu zaidi kuwapata, kwa sababu mara nyingi waliandikwa kwa herufi za mwanzo za majina yao tu.

Sensa ipi ni ya mwisho ya enzi za Malkia Victoria? Wengi watasema 1901. Malkia alifariki 22 Januari 1901, na sensa ikafanyika 31 Machi. Ya mwisho akiwa hai ni ile ya 5 Aprili 1891.

Sensa ya 6 Juni 1841 ina mitego mingi kuliko zote zilizoifuata. Iliandikwa kwa penseli, na penseli ya zaidi ya miaka 180 unaweza kufikiria ilivyofifia. Watoto hadi miaka 15 waliandikiwa umri wao kamili, lakini makarani waliagizwa waishushe miaka ya watu wazima hadi kwenye tano ya chini yake: mwenye miaka 39 akawa 35, mwenye 64 akawa 60. Si wote waliofuata agizo. Malkia Victoria mwenyewe alikuwa na miaka 22 usiku ule, ambayo kwa kanuni hiyo ni 20. Watafiti wapya hukwama hapa kila siku: wanamwona babu mwenye miaka 35 mwaka 1841 na 49 mwaka 1851, wanadhani ni watu wawili. Ni mmoja.

Kubwa zaidi, sensa ya 1841 haisemi nani ni nani kwa nani. Unaona mwanamume, mwanamke na watoto watano wenye jina moja la ukoo, moyo unakuambia ni baba, mama na watoto. Pengine ni kaka na dada wanaolea watoto wa marehemu ndugu yao. Daftari limenyamaza. Hata mahali pa kuzaliwa ni alama tu: ndiyo au hapana kwa swali la kama mtu alizaliwa katika kaunti ile ile, na herufi moja kwa waliotoka Scotland, Ireland au nchi za nje.

Mambo yalibadilika 1851. Hesabu ilihamishiwa mwishoni mwa Machi, kabla vibarua wa mashambani hawajatawanyika kwa kazi za kiangazi, na daftari likapata safu ambazo watafiti wa ukoo wanazitegemea mpaka leo: uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya, hali ya ndoa, umri kamili, kazi, na parokia na kaunti aliyozaliwa. Safu ya mwisho iliuliza kama mtu ni kipofu au bubu na kiziwi. Mwaka 1891 likaongezwa swali la vyumba kwa waliokaa katika vyumba pungufu ya vitano, na kwa watu wa Wales swali la lugha: Kiwelshi, Kiingereza, au zote mbili.

Na hili walijua? Maandishi unayoyaona katika sensa za 1841 hadi 1901 karibu yote si ya jamaa yako. Karani aligawa fomu siku chache kabla, akazikusanya Jumatatu asubuhi, akawajazia wasiojua kuandika, kisha akanakili zote kwenye daftari lake. Daftari likapelekwa London na fomu zenyewe baadaye zikaharibiwa. Kwa hiyo jina limepita kinywani mwa mwenyewe, sikioni mwa karani, mkononi mwake wakati wa kunakili, na siku hizi mkononi mwa anayelichapa kwenye kompyuta. Kila hatua ina nafasi ya kukosea. Karl Marx, aliyekuwa akiishi Dean Street, Soho, ameandikwa 1851 kama Charles Mark, daktari na mwandishi wa falsafa. Kama jina la mtu wa vitabu liligeuzwa hivyo, la mfua chuma wa Kiwelshi lisigeuzwe?

Ufungue ukurasa mmoja uutazame kwa utulivu. Kushoto kabisa kuna namba ya fomu, kisha mtaa au jina la shamba, kisha majina yameshuka kwa mstari. Umri umegawanywa safu mbili, moja ya wanaume, nyingine ya wanawake, na hilo ni msaada mkubwa pale jina linapokuwa halisomeki. Kati ya kaya na kaya kuna vistari vya mlazo: kimoja kinatenga kaya mbili zilizo katika jengo moja, viwili vinatenga jengo na jengo. Watu hawavioni vistari hivi, wanaunganisha familia mbili zisizojuana. Kisha kuna mikwaruzo mizito juu ya umri na kazi. Hiyo si ya karani wa mtaani. Ni ya makarani wa London waliokuwa wakijumlisha takwimu, wakitia alama kila walichokwisha kuhesabu. Ndiyo maana 6 huonekana kama 8, na 40 ikaonekana imefutwa.

Uhusiano nao una mtego wake. Enzi hizo neno walilotumia kwa mkwe lilitumika pia kwa mtoto wa kambo. Mvulana wa miaka saba aliyeandikwa mkwe wa mkuu wa kaya hajaoa. Mama yake ameolewa mara ya pili. Na hapo hapo umepewa zawadi, maana jina la ukoo la mvulana huyo ni la mume wa kwanza.

Wajua kwa nini Wales huwatoa watafiti jasho? Kwa muda mrefu Wawelshi walimwita mtu kwa jina la baba yake, kama sisi tunavyosema Juma bin Salim. Majina hayo yalipoganda na kuwa ya ukoo, wilaya nzima ikajikuta na Jones, Williams, Davies, Evans na Roberts wasio ndugu. John Rowlands wa Denbigh si nadra hata kidogo. Baba aliyetajwa katika ubatizo wa Stanley naye ni John Rowlands. Huwezi kumfuata mtu wa namna hiyo kwa jina. Unamfuata kwa wale wanaomzunguka. Tafuta ndugu yake mwenye jina lisilo la kawaida, mwenye umri unaoumana, aliyezaliwa parokia ile ile.

Tumfuate Stanley basi. Mama yake, Elizabeth Parry, alimwacha Denbigh mikononi mwa babu yake, mzee Moses Parry. Sensa ya Juni 1841 ilipopita mtoto alikuwa na miezi minne. Mzee alifariki mtoto akiwa na miaka mitano, na wajomba wakawalipa jirani zao, familia ya Price, wamlee. Malipo yalipokoma, Februari 1847, kijana wa nyumba ile alimshika mkono akimwambia wanakwenda kwa ndugu wa mama yake. Safari iliishia kwenye lango la nyumba ya maskini ya St Asaph, kijana akageuza, na mtoto akabaki humo hadi 1856.

Mtafiti anayemtafuta 1851 chini ya babu yake hatampata kamwe. Lazima aende kwenye kurasa za taasisi, mwisho wa daftari la wilaya, ambako wakazi wa nyumba za maskini wamepangwa kwa orodha ndefu. Na orodha hizo hazisemi nani ni mama wa nani. Safu ya uhusiano imeandikwa mkazi, au maskini, basi. Ndani ya majengo hayo wanaume, wanawake na watoto walitengwa kwa amri. Stanley mwenyewe amesimulia kwamba siku moja mwalimu alimwonyesha mwanamke aliyeletwa na watoto wawili, akamuuliza kama anamjua. Hakumjua. Alikuwa mama yake, na wale watoto ni ndugu zake. Nani angelaumu karatasi kwa kutowaunganisha watu ambao hata macho yao yalikuwa hayajuani? Hapa ndipo sensa peke yake haitoshi, na vitabu vya usajili vya nyumba ya maskini, vyenye tarehe za kuingia na kutoka, vinachukua zamu.

Sasa angalia miaka asiyoonekana. Sensa ya 1861: ameshavuka bahari, yuko Marekani. Usiku wa 2 Aprili 1871 makarani wanagonga milango ya Denbigh, na yeye ana siku kumi na mbili tangu atoke Bagamoyo na msafara wake, tarehe 21 Machi, kuelekea Ujiji. Mwaka 1881 yuko Kongo, akipasua barabara kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kazi ambayo matokeo yake kwa watu wa Kongo yalikuwa ya kutisha. Aprili 1891 yuko Marekani tena akitoa mihadhara. Pengo katika sensa linataka maelezo kama jina linavyotaka, na mtafiti mwerevu huandika mapengo pembeni ya majina.

Jengo la St Asaph baadaye liligeuzwa hospitali, likapewa jina lake: Hospitali ya H. M. Stanley. Ilifungwa 2012.

Je, wajua kwamba watoto ni ramani? Tuseme kaya ya 1871 ina mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyezaliwa Denbigh, wa miaka minane aliyezaliwa Liverpool, na wa miaka mitatu aliyezaliwa Manchester. Hujasoma barua hata moja, lakini tayari unajua familia ilihama kati ya 1859 na 1863, ikahama tena kufikia 1868, na unajua ni rejista za mji gani za kufungua kwa kila mtoto. Mimi husema safu ya mahali pa kuzaliwa ndiyo yenye thamani kuliko zote. Watu huikimbilia ya kazi, kwa hamu ya kukuta fundi maarufu au nahodha, na wengi hukuta kibarua wa shamba.

Mwanamke wa miaka 47 aliyeandikwa mama wa mtoto wa mwaka mmoja, na binti wa miaka 18 ndani ya kaya hiyo hiyo? Omba cheti cha kuzaliwa cha mtoto kabla hujaandika chochote kwenye mti wa ukoo. Bibi kumlea mjukuu kama mwanawe, ili kumstiri binti, ilikuwa jambo la kawaida. Sensa iliandika kilichosemwa mlangoni.

Kazi za wanawake ndizo zilizoonewa zaidi. Mwaka 1841 makarani waliambiwa si lazima waandike kazi ya mke anayeishi na mumewe, wala ya watoto wanaomsaidia baba bila ujira. Hata baadaye, mwanamke aliyefua nguo za mtaa mzima na kushona usiku mara nyingi safu yake iko tupu. Utupu huo usiusome kama uvivu. Na makarani wenyewe walikuwa wanaume hadi 1891, wanawake waliporuhusiwa kuifanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza.

Na Zanzibar imo? Imo. Kuanzia 1861 manowari za Uingereza zilizokuwa ng'ambo nazo zilijaza orodha za sensa, majina na umri na mahali pa kuzaliwa pa kila aliyekuwemo. Aprili 1881 manowari HMS London ilikuwa imetia nanga bandari ya Unguja, kituo cha doria dhidi ya majahazi ya watumwa. Kapteni wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba Desemba ya mwaka huo huo alipokuwa akilikagua jahazi. Anayemtafuta jamaa aliyekuwa baharia, asiyeonekana katika nyumba yoyote ya Uingereza, atazame sehemu ya meli kabla ya kumtangaza marehemu.

Ireland ni habari ya majonzi. Madaftari ya 1821 hadi 1851 karibu yote yaliteketea mwaka 1922, Ofisi ya Kumbukumbu ya Dublin ilipolipuka na kuungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ya 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshayaharibu kitambo. Ya 1881 na 1891 yaligeuzwa karatasi taka wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kamili kwa nchi nzima ni 1901 na 1911 tu.

Uingereza nayo haikusalimika. Sensa ya 1931 ya England na Wales iliungua yote Desemba 1942 katika ghala la Hayes, na si kwa bomu. Ya 1941 haikufanyika. Kwa kuwa majina hufungwa miaka 100, baada ya sensa ya 1921, iliyofunguliwa Januari 2022, inayofuata ni ya 1951, na itafunguliwa 2052. Katikati kuna rejista ya wakati wa vita ya 29 Septemba 1939, iliyoandaliwa kwa ajili ya vitambulisho. Ishike vizuri.

Sensa ya 1911 si ya Victoria, lakini bila hiyo familia ya enzi zake haikamiliki. Kwanza, fomu zenyewe zimehifadhiwa. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza unaona mwandiko wa jamaa yako mwenyewe, na sahihi yake chini. Pili, wanawake walioolewa waliulizwa wana miaka mingapi ya ndoa, wamezaa watoto wangapi wakiwa hai, wangapi wangali hai, na wangapi wamekufa. Fikiria mtoto aliyezaliwa 1882 akafariki 1889. Hayumo 1881, hayumo 1891. Hakuna sensa iliyomwona. Kinachomshuhudia ni tarakimu moja katika safu ya waliokufa, aliyoitaja mama yake zaidi ya miaka ishirini baadaye. Ukikuta waliozaliwa ni tisa na wewe unawajua sita, kazi bado.

Utawapata vipi hao watatu? Usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulianza England na Wales 1 Julai 1837, ingawa adhabu kwa asiyesajili kizazi ilikuja na sheria iliyoanza 1875, kwa hiyo wa kabla ya hapo baadhi hawakuandikwa kabisa. Faharasa ya zamani ya vizazi ilikuwa haionyeshi jina la mama la kabla ya kuolewa hadi 1911. Mwaka 2016 ofisi ya usajili ilitoa faharasa mpya mtandaoni inayoonyesha jina hilo tangu 1837, na kuitafuta ni bure ukishajiandikisha. Weka jina la ukoo la baba, jina la ukoo la mama, na wilaya ya usajili; watoto wa ndoa hiyo watajipanga, waliokua na waliokufa wadogo. Kisha walinganishe na faharasa ya vifo ya ofisi hiyo hiyo, ambayo inaonyesha umri wa marehemu.

Anayeanza leo aanze na karibu arudi nyuma: 1921, 1911, 1901, hatua kwa hatua, bila kuruka. Sensa ya 1881 ya England na Wales iko bure kwenye FamilySearch, imenakiliwa na maelfu ya watu waliojitolea, Wamormoni pamoja na vyama vya historia ya ukoo. Nakili na namba zilizo kwenye ukurasa: RG 11 ni 1881, RG 12 ni 1891, HO 107 ni 1841 na 1851, zikifuatiwa na namba ya daftari na ya karatasi. Na kila ukimpata mtu wako, soma ukurasa uliotangulia na unaofuata. Wakwe, shahidi wa harusi, na yule mchumba ambaye jina lake utalikuta kwenye cheti cha ndoa miaka mitano baadaye, wengi wao walikuwa wakiishi nyumba ya tatu au ya nne kutoka hapo.